Damujani ya Spesiosa

Jumatatu, 4 Machi 1974
Binti yangu Gloriose anaitaka damujani ya marehemu mama yake. Aitie mawese, akauze sokoni Mwanga. Eti Baba, chupa ni chupa. Chupa! Shingo nyembamba, kiuno kipana, imevikwa kikapu. Mke wangu Spesiosa alitoka nayo Burundi kaifunga mgongoni kwa kanga. Tulipofika Kagunga karani akamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Bado ina harufu ya mvinyo wake wa ndizi. Kila Jumapili nachomoa kizibo, nanusa mara moja tu, isiishe.
Nimepata mpango.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza Mzee Assani maana ya jina damujani. Alimpikia Mbelgiji kule Uvira. Amesema ni Kifaransa, Bibi Jeanne, chupa kubwa ya divai. Jeanne yupi? Wengine husema malkia, wengine mji wa mbali, wengine eti imenenepa tu kama mama mwenye nyumba. Hakuna ajuaye, Niyibizi, usije ukawadanganya watu.
Nimechukua malkia.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia Gloriose hii ni chupa ya malkia. Mawese humo? Mwiko! Ameondoka bila chupa. Ushindi!

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Gloriose kamsimulia Mama Veneranda, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Kaja na wenzake. Kitu cha malkia, amesema, hakikai uvunguni mwa kitanda cha mgane, kikae kanisani na divai ya misa. Wamenisifu sana. Wameibeba.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemkimbilia Veneranda. Nimesema nilisahau, iliwahi kutiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ameirudisha mbio, akanawa mikono mara tatu. Ushindi tena! Lakini Gloriose kasikia. Eti sumu haikai nyumba yenye wajukuu. Kesho inatupwa shimoni.

Jumapili, 10 Machi
Amekuja na jembe. Sikuwa na uongo uliobaki. Nimechomoa kizibo, nimemwambia anuse.
Amenusa. Amekaa chini. Amelia, nami nimelia. Kisha amesema, Baba si ungesema tu? Ameirudisha uvunguni kwa mikono yake, ameifunika kwa kanga ya mama yake.
Alipokuwa anaondoka ameomba kumwazima jirani kinu cha Spesiosa.
Nimemwambia kinu kile kilikuwa cha mfalme.