Meza ya Kaa na Ndiyo Kumi na Moja

Jumatatu, 2 Februari

Dada Chizuko ameondoka. Semina ya wauguzi, Sapporo, anarudi Jumapili. Alisimama mlangoni anavaa viatu huku ananipa sheria. Sheria yenyewe moja tu: kitu kipya kisiingie ndani. Kiti cha kinyozi nilikileta mimi. Mashine ya kuuzia mayai, mimi pia. Akasema kikiingia kingine, hata kiwe kidogo kama kijiko, nafungasha virago naenda Gifu kwa baba kutoboa magogo ya kuoteshea uyoga. Nyumba ni yake. Nikamwapia. Na nilimaanisha kabisa.

Hiyo ilikuwa saa mbili asubuhi.

Saa sita nikapita Hinageshi. Mkahawa umefungwa tangu juzi, baada ya miaka arobaini na moja. Mama Kumazaki, mwenye mkahawa, yuko ndani peke yake, anafuta vikombe ambavyo hakuna atakayevinywea tena. Na pale dirishani, ile meza. Meza ya gemu! Kioo juu, skrini imelala chali chini yake, kijiti cha kuongozea upande huu na kingine upande ule. Kaa wanashuka, wewe unawatwanga. Naitamani tangu nina miaka sita, enzi ambazo wazee walikuwa wananifukuza kwa magazeti yaliyokunjwa.

Mama Kumazaki akasema kuna dalali wa Tokyo ameahidi mara tatu ya bei. Amemkatalia. Anataka ibaki hapahapa Nagoya, kwa mtu atakayeipokea pamoja na mambo yake yote. Halafu akanieleza hayo mambo. Nadhani aliyaeleza, maana midomo ilicheza muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika kijiti. Nikasema ndiyo. Nikainama. Nikasema ndiyo tena. Jumla, ndiyo kumi na moja. Akanipa kwa bei ya baiskeli ya mtumba na machozi yakamlenga. Sikuelewa ya nini.

Kuhusu dada, nina mpango. Hita nafunga chini ya meza, mfarishi natandaza juu, tayari ni kotatsu, meza ya kupashia miguu joto. Kotatsu si kitu kipya. Kila nyumba inayo. Ya kwetu iliungua mwaka juzi (sababu si muhimu). Atafika na baridi yake ya Sapporo, atatumbukiza miguu, atanishukuru. Akili ninayo.

Jumanne, 3 Februari

Meza ina uzito wa mjomba mnene aliyelala na hataki kuamshwa. Sisi tunakaa ghorofa ya nne. Lifti hakuna.

Sikuwa nimemwomba mtu, lakini Mzee Inagaki akatokea na mkokoteni. Huyu ni kinyozi mstaafu, yule aliyeniuzia kile kiti. Ana miaka sabini na minne, anabeba kama ana thelathini. Kila kona ya ngazi alinipa maelekezo: inamisha, geuza, kijana usiiburute, unadhani ni jeneza la adui yako? Tulipofika juu hakutaka hata chai. Aliuliza jambo moja tu, mimi huamka saa ngapi. Nikasema saa moja, nionekane mchapakazi. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeandika akilini. Nikaona ni mazungumzo tu.

Meza ya chakula ya dada nimeihamishia roshani. Inaonekana mpweke. Haidhuru.

Leo ndiyo siku ya kurusha maharage kufukuza mashetani, kwa hiyo niliyarusha kuibariki mashine. Moja likaingia kwenye tundu la sarafu. Tundu likakohoa, skrini ikaandika: michezo 99. Bure! Kama hiyo si ishara, basi sijui ishara inafananaje.

Jumatano, 4 Februari

Saa moja kamili kengele ikalia. Mzee Inagaki, gazeti kwapani. Nyuma yake Bibi Toyoko, mjane wa muuza tofu, mfupi kama birika, macho makali. Wakavua viatu, wakavigeuza vikatazama mlango, wakapita, wakakaa mezani kwangu kila mtu upande wake. Wananitazama.

Nikauliza kuna nini. Bibi Toyoko akasema kahawa.

Nikawaletea kahawa, adabu ni adabu. Hawakuigusa. Mzee Inagaki akainua kikombe, akachungulia chini yake kana kwamba kuna kitu kimejificha. Akauliza kwa upole mkate uko wapi. Na yai. "Kahawa ya asubuhi inakuja na mkate na yai, kijana. Umezaliwa Tokyo?"

Tusi zito hilo. Mimi ni wa Nagoya damu na mifupa. Nikachoma mkate.

Ndipo bibi akafungua kimlango cha pembeni mwa meza na kutoa bahasha. Tiketi! Zile tiketi za kahawa, unalipia kumi unapewa kumi na moja, zilizokuwa zinaning'inia ukutani Hinageshi, kila kitita na jina la mwenyewe. Za Mzee Inagaki themanini na nane. Za Bibi Toyoko mia moja ishirini na nne. Nyingine za watu nisiowajua.

Nikampigia simu Mama Kumazaki. Yuko kwa binti yake Okinawa, nyuma yake nasikia mawimbi. Akasema alitaka kuwarudishia fedha zao, wakakataa, walitaka kahawa yao. Akasema aliniuliza vizuri, tena aliniuliza mara kumi na moja, maana hakuamini kijana anaweza kuwa na moyo mkubwa hivyo. Nikasema ndiyo. Ikawa ya kumi na mbili.

Kuna la pili, baya zaidi. Bibi Toyoko aliangalia rekodi kwenye skrini. Sifuri. Rekodi yake ilikuwa 48,210. Mashine hii ikikosa umeme inasahau kila kitu. Hinageshi haikuzimwa miaka tisa. Mimi niliichomoa Jumanne kama pasi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikunja mikono ya sweta, akasema atairudisha, na mimi nilete kahawa tu. Akacheza hadi saa tano.

Walipoondoka nilijaribu mimi. Nikapata 3,100.

Alhamisi, 5 Februari

Mpango: kahawa mbaya. Wakiichukia, hawarudi. Nimekoroga kahawa ya unga, nikatia chumvi, nikaichemsha mara tatu. Mkate nimeuunguza hadi ukatoa moshi.

Mzee Inagaki alionja akafumba macho. Akasema hajui niliipataje, lakini ndiyo yenyewe, kahawa ya Mama Kumazaki hasa. Hata mkate! Mama alikuwa anauunguza hivyohivyo kila siku. Akatoka nje kwenda kupiga simu. Baada ya nusu saa wakaja wazee wanne wengine na tiketi zao.

Mpango wa pili: nimemwekea Bibi Toyoko dau. Nikimshinda, wanachukua tiketi zao na kwaheri. Akinishinda, achague anachotaka. Kwenye bahasha nimeona karatasi ya jinsi kaa wanavyoshuka, nikaikariri jana jioni yote. Alikubali bila kuinua macho.

Alinishinda kwa mkono mmoja. Wa pili alikuwa anamenya yai. Akasema mimi napiga kaa kama mtu anayepalilia: taratibu, na kwa kuonea huruma magugu. Wazee wakacheka mpaka mmoja akahitaji maji. Anachotaka: maharage matamu ya kupondwa juu ya mkate, kila siku, kwa wote.

Karatasi yenyewe nimeiangalia vizuri leo. Ni ratiba ya mabasi.

Ijumaa, 6 Februari

Nimepondaponda maharage tangu asubuhi. Mikono inanata. Kitasa kinanata. Simu inanata.

Nilimpigia yule dalali wa Tokyo aje aichukue. Alikuja, glavu nyeupe, tochi mdomoni, akalala chini ya meza kama fundi gari. Akasema ni nzima kabisa, na akataja bei iliyonifanya nikae. Basi! Nikaenda kumtafutia kalamu.

Niliporudi anacheza na Bibi Toyoko. Dakika kumi baadaye glavu ziko pembeni. Saa moja baadaye anakula mkate wa maharage. Alipoinuka akanishika bega, akasema mashine ya namna hii haihamishwi, ni dhambi, na kama angekuwa na kwao angetaka pawe hivi. Akanunua kitita kimoja cha tiketi. Akaondoka na treni ya saa tisa.

Sawa. Nabaki na mpango wa kotatsu. Nimefunga hita, nimetandaza mfarishi, skrini tu ndiyo nimeiacha wazi. Nimejaribu kukaa. Raha isiyo na kifani. Dada ataishiwa maneno. Wazee nitawaambia Jumapili mkahawa unafungwa kwa mapumziko, Jumatatu nitafikiria kingine.

Jumamosi, 7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Kosa la kwanza: nimewasha hita. Baridi ya leo inakata masikio, na nimewawekea wazee saba mahali penye joto kuliko pote Nagoya. Walitumbukiza miguu saa moja asubuhi, hawakuitoa tena. Mzee Inagaki alilala akiwa amekaa. Nilipogusia kufunga, mmoja akaniuliza kama nina mto.

Saa nne Bibi Toyoko akafika 40,000. Akaniagiza nifunge mapazia, kioo kinamulika. Nikafunga. 45,000. Nilisahau uadui wetu wote. Nilisimama nyuma yake nikashika pumzi. 47,000. Mzee Inagaki akanong'ona kwamba njaa inamuuma. Nikatia mkate kwenye mashine ya kuchomea. Nikawasha birika. 48,100.

Hita, mkate, birika, meza ya kaa. Swichi kuu ya umeme ikaruka.

Skrini nyeusi. Zilibaki pointi mia na kumi. Wote wakainamisha vichwa, mikono juu ya mfarishi. Bibi Toyoko akatoa leso. Mimi nikaingia kabatini, swichi iko humo, nyuma ya makoti.

Na dada Chizuko akafungua mlango. Semina imeisha siku moja kabla.

Haya ndiyo aliyoyaona, kwa maelezo yake mwenyewe baadaye: viatu vya wazee jozi saba vimepangwa vikitazama mlango. Mapazia yamefungwa. Moshi unaelea. Wazee wameinamisha vichwa kuzunguka kitu kirefu kilichofunikwa mfarishi. Bibi analia. Mimi sipo.

Alipiga magoti palepale na koti lake. Akauliza ilitokea lini. Mzee Inagaki akamjibu kwa huzuni kwamba ni sasa hivi tu, wote walikuwepo, umeme ndio ulioharibu. Dada akauliza kama niliumia. Mzee Inagaki akasema hapana, kijana yuko kabatini.

Dada hakungoja kusikia la kabati, akaangua kilio. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia. Alisema nilikuwa mjinga lakini nilikuwa wake. Nikaguswa sana. Nikatoka na kumwambia asilie, niko hapa, anataka mkate?

Akanipiga na boksi la biskuti za Sapporo. Lote. Kisha akanipiga na mfuniko wake.

Nikangoja hukumu. Lakini Bibi Toyoko alisogea, akainua pembe ya mfarishi. "Njoo, mwanangu, miguu yako imeganda. Karibu nyumbani. Umechoka?" Na wengine wote wakadakia, karibu nyumbani, karibu nyumbani. Dada akabaki amesimama. Mimi akirudi kutoka kazini huwa sigeuzi hata kichwa, nikiri tu. Akakaa. Akaingiza miguu. Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka kama mzigo umetuliwa.

Akaonja kahawa, akauliza nani kaitia chumvi. Akacheza mara moja. 9,400. Mara yake ya kwanza maishani!

Jioni akatoa hukumu. Meza inabaki. Wazee wanabaki, asubuhi tatu kwa wiki, siku zake za zamu ya mchana. Alisema nimeshasema ndiyo kwa niaba ya nyumba, na nyumba itatimiza. Kahawa ataipika yeye. Birika na hita havitawashwa pamoja. Sheria nayo inabaki palepale: kitu kimeingia, kwa hiyo kitu kinatoka. Akanitazama.

Nikataja kiti cha kinyozi. Akasema kiti kinafaa, Mzee Inagaki ameahidi kumkata nywele.

Jumatatu, 9 Februari

Gifu. Theluji mpaka magotini. Nimetoboa magogo arobaini, baba anasema mashimo yangu yanaonekana kama kazi ya panya. Asubuhi dada alituma ujumbe: Bibi Toyoko amefika 48,350. Walipiga makofi mpaka jirani wa chini akapanda kulalamika, sasa naye ana tiketi.

Makosa yangu nimeyachambua yote kwa utulivu, nikiwa peke yangu na magogo. Kosa lilikuwa kusema ndiyo nyingi mno. Mtu akisema ndiyo kumi na moja anaonekana ana shida. Nimejifunza.

Alasiri nilitumwa kununua misumari, nikapita bafu la umma la kijijini. Linafungwa mwezi huu. Na pale ukumbini wana kiti cha kukanda mgongo, cha sarafu, ngozi nyekundu, mikono ya chuma ndani. Mama mwenye bafu hataki fedha hata kidogo. Anataka tu mtu atakayekipokea pamoja na mambo yake yote. Akaanza kunieleza, jambo fulani kuhusu mume wake na usingizi wake wa mchana. Sikushika vizuri, kiti kilikuwa kinanikanda mabega.

Safari hii nimesema ndiyo tisa tu. Baba haruhusu kitu kipya ndani, kwa hiyo nitamwambia ni gogo.