Nilivyowafungisha Makuruta wa Kapteni

Athumani na Petro, leo nimeaibika hapa bomani Singida mpaka masikio yanawaka. Nawaandikia mara moja, kabla habari haijafika Manyoni kwa mdomo wa mtu mwingine.

Asubuhi amekuja Kapteni mmoja na sanduku. Vita bado vinaendelea na jeshi linataka vijana. Lakini huyu hapimi kifua wala meno. Anapima akili! Sandukuni mna ubao wenye matundu: moja la duara, moja la mraba, moja la nyota, na mengine. Unapewa vipande, unarudisha kila kimoja kwenye tundu lake, naye Kapteni kashika saa.

"Huu si mtihani wa shule," akanieleza kwa Kiingereza. "Nataka kujua nani anafaa kuendesha gari, nani simu, nani kutengeneza mitambo."

Wasiofaa kote huko watabeba mizigo.

Kapteni hajui Kiswahili. Mkalimani nani? Mimi, karani Daudi! (Kaptura nimeipiga pasi mara mbili.) Makuruta thelathini walikuwa wamekaa chini wanakunywa uji. Wakaniamkia shikamoo, hata wenye ndevu, nami nikaitikia marahaba bila haya.

Kapteni akaniambia niwaeleze wafanye "fasti".

Jamani, neno hilo nalijua tangu misheni! Limo katika Biblia ya Kiingereza: Bwana Yesu alifanya fasti siku arobaini. Angesema "kwiki" ningeelewa mengine. Nikaona ajabu kidogo, lakini nimwulize mzungu mbele ya watu walioniamkia? Thubutu! Nikapaza sauti:

"Kazi hii inafanywa kwa kufunga! Wekeni uji chini!"

Mmoja akainua mkono. "Karani, huu si mwezi wa Ramadhani. Tunafunga mpaka saa ngapi?"

"Mpaka Bwana aridhike."

Uji ukawekwa chini, wengine wakiuangalia kama ndugu anayesafiri. Wa kwanza akaja taratibu, akasoma dua, akashika nyota kwa mikono miwili. Kapteni akatazama saa. Wa pili akaanza na ishara ya msalaba, akatulia, akaugusa ubao kama mtu anayegusa madhabahu. Kapteni akatazama saa tena, akaitikisa sikioni. Alipofika wa kumi, daftari lilikuwa limejaa neno moja tu: mizigo, mizigo, mizigo.

(Na mimi nimesimama pale, nawasikitikia watu wa kwetu kwa uzito wa akili!)

Wa kumi na moja alikuwa Ntandu, mchunga ng'ombe, shuka begani. Akakaa. Ta, ta, ta, ta! Amemaliza. Kapteni akaruka kitini.

"Mwulize, mbona yeye ana haraka na wenzake hawana?"

Sijafungua mdomo, Ntandu kamjibu mwenyewe. Kwa Kiingereza! Tena kilichonyooka! Kumbe amempikia mzungu miaka minne kule kwenye machimbo ya dhahabu Iramba.

"Wewe umesema haraka, Bwana. Karani ametuambia tusile."

Kapteni akanigeukia polepole. "Umewaambia wafanye nini?"

"Wa... wafunge, Bwana."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Ntandu akawageukia wenzake, akawaeleza kwa Kinyaturu. Watu thelathini wakaangua kicheko kwa pamoja, mkono mmoja tayari kwenye bakuli. Mimi nikamvuta Ntandu pembeni.

"Ulijua tangu mwanzo. Mbona ulinyamaza?"

"Wewe ndiye karani. Nikadhani na wewe una amri zako."

Ningekuwa na bahati mambo yangeishia hapo. Lakini Kapteni akataka yule mchunga ng'ombe awe mkalimani, na mimi nikae kwenye ubao, niwe mfano kwa makuruta!

"Haya karani, haraka," akasema Ntandu. "Na leo hufungi."

Nikakaa. Nikaikamata nyota, nikaisukuma kwenye duara. Haiingii. Nikaipiga ngumi. Ikaingia! Haikutoka tena. Ilibidi aitwe seremala na tindo, na wakati anaitoa, Kapteni akafungua daftari, akaandika jina langu, akanionyesha. Mizigo.

Wote wamepimwa upya, matumbo yakiwa yameshiba, na wengi wataendesha magari. Ntandu anakwenda kwenye simu. Mimi nimerudishwa mezani kwangu kunakili barua, na tarishi wa boma ameshaanza kuniita Karani Ramadhani.

Chekeni, lakini chekeni hukohuko Manyoni. Nami nimejua jambo moja: neno usilolijua utaliuliza, litakalokuumbua ni lile unalolijua.