Sensa Inayonukia Kibuyu

Jumatatu, 9 Juni
Taa ya injini imewaka tena! Pikapu ikaisha nguvu juu ya daraja la Idsowe, maziwa yote ya kina mama mgongoni. Farah, mpinzani wangu wa kubeba maziwa, akanipita na lile gari lake kuukuu. Akanipungia mkono. Nimechukia mpaka chakula hakipiti.

Mama Abdia, ndiye anayekusanya maziwa ya wenzake kwenda soko la Garsen, amenionya. Yakifika yameganda tena, kazi yote anampa Farah. Bila maziwa hayo mimi ni mtu mwenye pikapu tupu na mke mwenye maswali.

Jumanne, 10 Juni
Fundi Zakaria amechomeka mashine yake ya kusoma makosa. Sensa ya hewa, kile kidude kinachopima hewa inayoingia kwenye injini. Ameisafisha, taa ikazima. Akauliza chujio la hewa liko wapi. Nikamwambia nimelitoa mwenyewe, injini ipumue vizuri, nimpite Farah. Akasema nilirudishe. Mafundi bwana, kila kitu lazima wakihusishe na kingine.

Jumatano, 11 Juni
Nimefika kwa Mama Abdia kabla ya wote. Nikaegesha palepale pangu, pua ya gari imeinamia moto ambao kina mama wanafukizia vibuyu vya maziwa kwa moshi. Anayeegesha hapo hupakiwa kwanza. Injini sizimi, nikizima huenda isiwake, na Farah ataona.

Hatujafika barabara kuu, taa hiyo! Hii ni hujuma. Farah alisimama karibu na boneti yangu akinywa chai. Mtu mwema hunywa chai yake mbali na boneti ya mwenzake.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefunga boneti kwa mnyororo na kufuli. Nikailinda nikiwa ndani ya moshi, machozi yakinitoka, sikubanduka. Farah hakusogea. Taa ikawaka vilevile! Nikamwambia mbele za watu kwamba anaroga sensa za wenzake. Akauliza sensa ni nini.

Tumechelewa, maziwa yakaganda, mwenye hoteli anayeyanunua akayakataa. Mama Abdia hakunigombeza. Aliketi kando ya madumu yake akajifunika uso kwa mtandio. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 13 Juni
Zakaria amechomoa sensa. Nyeusi tititi. Mama Abdia alikuwa amekuja gereji kunipa neno la mwisho. Akaichukua, akainusa, akauliza nani amefukiza kitu hiki, mbona kinanukia kama kibuyu chake. Zakaria alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe ni moshi. Kila asubuhi injini yangu imekuwa ikiuvuta, na chujio hakuna. Zakaria akasema nirudishe chujio na niegeshe mbali na moto. Mama Abdia akasema amenipa kesho, basi. Niliwasikia nusu. Nusu nyingine nilikuwa namuwaza Farah.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeegesha mbali. Farah nikampa nafasi yangu ya motoni kwa heshima zote, nikamsihi asizime injini. Akanishukuru, mjinga. Moshi wote ukamwingia. Nikangoja taa yake iwake.

Haikuwaka. Gari la Farah ni la kale kiasi kwamba halina sensa wala taa! Na kwa kuwa yuko motoni, akapakiwa kwanza, akapakiwa yote. Mama Abdia akaniambia kwa upole, Buya mwanangu, kumbe umechoka na kazi, ungesema tu. Nimerudi nyumbani Ngao mtupu, pikapu inanguruma vizuri ajabu, taa imezima. Nilitamani kuipiga teke. Nikaipiga. Mguu umevimba.

Jumapili, 15 Juni
Mhubiri kasema juu ya kusamehe. Nilikuwa napanga.

Kesho nitamwangukia Mama Abdia anipe asubuhi moja tu. Nitafika Farah akiwa bado amelala, niegeshe palepale pangu, pua motoni, injini ikinguruma. Chujio siwezi kulirudisha, kuku wa mke wangu Rebecca analalia mayai humo. Na taa ikiwaka safari hii, nitajua bila shaka yoyote kwamba ni Farah.