Ubongo Kabatini

Kampuni ya bima ilipotupa kompyuta zake chakavu uani, wapita njia waliona vyuma. Injinia aliona ada ya shule nzima. Na tuelewane mapema: Injinia hakusomea uinjinia wala kitu kinachofanana nao. Cheo hicho alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kukipinga, kikakaa.

"Mkuu, hizi ni sumu," alimwambia mlinzi kwa sauti ya msibani. "Zikinyeshewa hapa mtakohoa mpaka wajukuu. Nitawaondolea bure, kwa ajili ya Mungu."

Mlinzi alimsaidia kupakia mkokoteni, akamwombea na baraka juu.

Ujanja wenyewe haukuwa wake. Zamani aliwahi kuwabebea mafundi masanduku, akawaona wanavyofanya: kompyuta moja yenye nguvu inatiwa programu ya Linux, inaitwa seva, inafikiri kwa niaba ya wenzake. Zile kuukuu, hata zikiwa hazina diski, zinaunganishwa nayo kwa waya, kazi yao ni kuonyesha picha na kupokea vidole vya watu. Ukikaa mbele ya kikongwe cha namna hiyo utaapa ni kipya. Ni kazi halali, tena nzuri, na shule ingeweza kuuziwa hivyohivyo kwa ukweli na ikashukuru. Lakini uhalali ulikuwa unamwasha Injinia mwilini.

Seva hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mkewe, dukani kwake, mashine ya maana anayochapia kadi na mitihani ya shule.

"Inataka kusafishwa, mke wangu. Ina vumbi hadi kwenye mawazo."

Mke alimtazama. "Baba watoto, nilikusamehe friji. Nilikusamehe cherehani. Jumatatu nina mitihani ya watoto wa watu, na yote imo humo. Hii isiporudi, na wewe usirudi."

"Jamani! Mimi?"

"Wewe."

Injinia akazipaka zote rangi nyeusi, ya mke pamoja, zikafanana hata mama yao asingezitenganisha. Kisha akaenda kwa Mama Mkurugenzi, mwenye shule ya binafsi ambayo wazazi walikuwa wakilipia maabara ya kompyuta mwaka mzima. Maabara ilikuwa na kila kitu: kibao mlangoni, pazia, feni. Zilikosekana kompyuta tu.

"Kila moja ina ubongo wake?" Mama Mkurugenzi aliuliza, miwani puani.

"Ubongo wa moto, Mama! Usiniamini mimi. Chagua yoyote, iwashe kwa mkono wako."

Akachagua, ikang'aa. Akachagua nyingine, ikang'aa kuliko ya kwanza. Kitu kilikuwa kinanguruma kwenye kabati la nyuma.

"Na kile?"

"Kituliza umeme hicho. Usikiguse, Mama, kina hasira."

Alilipwa siku ileile, Ijumaa. Mpango ulikuwa mwepesi: Jumapili shule ikiwa tupu, aingie kwa kisingizio cha kukaza nati, abebe seva, awaachie mabati yao. Alitembea akipiga mluzi.

Jumapili alifungua kabati, akakuta mafagio.

"Unatafuta kituliza umeme, mwanangu?" Mama Mkurugenzi alikuwa kwenye kiti cha mwalimu na kikombe chake cha chai, kompyuta zote zimewaka mbele yake. "Juzi mfagiaji alikichomoa achaji simu. Darasa zima likazirai! Nikajiuliza, ni bongo gani hizi za kuzimia kwa pamoja?"

Uongo ulimjia Injinia mwingi kwa mara moja, wote ukagombania mlango, usitoke hata mmoja. Ikabidi atoe ukweli, na jasho likamtoka kwa kukosa mazoezi.

"Mama, ile ni ya mke wangu. Isiporudi leo, sina nyumba. Nakuomba."

"Masikini!" Mama Mkurugenzi aliweka kikombe chini. "Mimi sivunji ndoa ya mtu. Nirudishie hela yangu, nikurudishie mashine ya mkeo. Hivi vikongwe vingine utaniachia, viwe fidia ya mshtuko."

Injinia alizitoa hela mfuko wa ndani taratibu, akazitazama kwa mara ya mwisho, moyo ukamuuma kwelikweli. Mama Mkurugenzi akanyoosha kidole kwenye mashine ya pembeni. Lakini mtu wa kazi haibiwi kitoto.

"Niijaribu kwanza, Mama. Siku hizi watu hawaaminiki."

"Hata mimi nasikia hivyo. Iwashe kwa mkono wako."

Akaiwasha palepale, na waya wake wa mtandao nyuma. Ikang'aa! Akafungua hiki, akafungua kile, vyote vinakimbia. Akashukuru, akachomoa, akabeba begani. Njiani aliiona nyepesi, akadhani ni furaha.

Mke alikuwa ameshafungua duka, karatasi zimepangwa, anamsubiri. Alimpokea na tabasamu ambalo Injinia hakuwa amepewa tangu siku za friji. Akachomeka, akawasha.

Kioo kikabaki cheusi. Juu pembeni yakatokea maneno madogo meupe: inatafuta seva. Zikafuata nukta, na nukta nyingine, zikaendelea bila haraka. Kikongwe kile, kikishaachishwa waya wa shule, hakikuwa na hata diski ya kukumbukia kazi ya mtu.

Ndipo Injinia alipoelewa kwamba seva ilibaki shule.

"Hii siyo yangu," mke alisema polepole. "Yangu iko wapi?"

"Mke wangu, nisikilize. Kuna mama mmoja, tapeli mkubwa..."

Mke hakumngoja amalize. Alizima mashine, akazikusanya zile karatasi tupu akazifunika zisishike vumbi. Alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio, kisha akaufunga kichwani na kuchukua funguo.

"Twende huko ulikoiacha," alisema. "Na njiani usinisemeshe, nisije nikakuamini."