Nilivyomsingizia Yeyo Makaa ya Pipa

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe. Acheni nisimulie mwenyewe kabla kijiji chetu cha Endabash hakijanitangulia.

Wiki nzima nimekosa usingizi kwa swali moja: nani ananiibia makaa? Si ya kupikia. Ni bayocha, yaani magunzi ya mahindi niliyoyachoma kwa hewa kidogo, nikayaponda na kuyajaza kwenye pipa chini ya zizi la Baba Bura. Ng'ombe wake wakichomwa sindano ya antibayotiki, sehemu ya dawa hutoka na mkojo na kutiririka hadi kijitoni, wanakokunywa ndama wa kijiji. Bayocha inainasa njiani, maji ya zizi yanapopita ndani ya pipa. Ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu, na leo wafugaji walikuwa wanakuja kuiona.

Lakini kila asubuhi makaa yamepungua! Nikapima kwa kijiti. Nikaweka alama ya chaki. Nikafunga uzi kwenye mfuniko. (Ndiyo, uzi.) Uzi haukukatika, makaa yakashuka. Nikajisemea, mwizi huyu ni fundi.

Leo akaja Yeyo, mama wa Kimaasai anayetuuzia maziwa. Wafugaji walishakusanyika. Akafungua kibuyu, akammiminia mama mmoja kikombe, nami nikachungulia ndani ya kibuyu. Cheusi ti! Makaa!

(Akili yangu ilitoka mbio, ikaniacha.) Makaa yaliyonasa dawa, ndani ya maziwa ya watu!

"Msinywe! Yeyo anachota makaa ya pipa langu!"

Yule mama akakiweka kikombe chini taratibu. Mwingine akaficha chupa yake. Uso wa Yeyo ukabadilika. Maziwa hayo ndiyo yanayolisha wajukuu wake wanne.

"Mwanangu," akasema, "kibuyu nakifukiza kwa kijinga cha mzaituni mwitu, kama bibi yangu. Nifukize kwa makaa ya magunzi? Maziwa hayo hata mbwa wangu hayagusi!"

Watu wakacheka. Mimi nikakaza shingo. "Basi yangu yamekwenda wapi?"

Akaliendea pipa, akafungua koki niliyoiandaa kwa maonyesho. Badala ya maji safi ukaruka uji mweusi, ukanichafua suruali mpaka magotini.

"Yamekwenda huko." Akaonyesha mfereji unaopokea maji yanayotoka chini ya pipa kila siku. Mweusi wote, hadi kwenye majani. (Wiki nzima nilichunguza nyuso za watu. Chini sikutazama hata mara moja.)

"Uliondoa vumbi kabla ya kutia maji?"

"Vumbi gani?"

"Eeh! Mimi nikishafukiza, nasugua kibuyu mpaka vumbi litoke, ndipo natia maziwa. Wewe umesoma miaka mingapi?"

"Kumi na saba." (Kwa nini nilijibu?)

Baba Bura alikaa chini kwa kicheko. "Mtaalamu, ongeza mmoja, wa kibuyu!"

Lakini yule mama alikuwa bado hajakigusa kikombe. Hapo sikufikiri mara mbili. Nikakichukua.

"Nimemsingizia Yeyo. Nimekosa. Nisamehe, mama."

Nikanywa mpaka tone la mwisho, na vijipande vyeusi vyake.

"We kijana!" mama akafoka. "Hicho kilikuwa changu!" Akamgeukia Yeyo. "Nimiminie kingine, tena ujaze."

Nimemwaga pipa lote. Sasa naosha bayocha mpya, beseni kwa beseni, Yeyo akinisimamia. Anayetaka kucheka aje na ndoo ya maji.