Jiko la Ratili Nne

Chole, Jumatatu, 5 Julai 1909

Siku yangu imefika! Bwana Mpimaji, yule Mzungu anayechora ramani ya kisiwa, anataka mpishi wa kufuatana naye kwa miguu kutoka Utende mpaka Ras Mkumbi. Siku nne za njia. Wapagazi watatu tu. Mfaume, aliyewapikia Wazungu wa Chole tangu mimi sijaota ndevu, kaulizwa atachukua vyombo gani. Kasema vyungu vitatu, kinu na mchi wake, mbuzi ya kukunia nazi, na mafiga. Mafiga! Mtu mzima asafiri na mawe!

Nikamwendea Sleyum, karani wa Bwana Mpimaji, nikamwambia jiko langu mimi linaingia kwapani. Akauliza ni jiko gani hilo. Nikasema ataliona Jumatano.

Sina jiko.

Shangazi Bimkubwa, ninayekaa kwake, kasema nisipopata kazi wiki hii nitakwenda shambani kwake kufua nazi. Mimi! Na vidole hivi!

Jumanne, 6 Julai

Jiko lipo! Nimekata debe la mafuta ya taa, nikalitoboa matundu kumi na saba. Humo nitawasha vifuu. Juu yake sufuria moja ndogo ya shangazi, na kifuniko chake ndicho kikaango. Upawa na mwiko nimevikata mipini nusu, kupunguza uzito. Kisu pia. Nilitaka kuikata na sufuria, nikajizuia. Kwenye mizani ya dukani: ratili nne kamili! Nimecheka peke yangu njia nzima.

Shangazi anatafuta mwiko wake. Nimemsaidia kuutafuta.

Jumatano, 7 Julai

Na sasa chakula chepesi. Nimetwanga wali wa jana niliouanika juani mpaka ukawa kama changarawe, pamoja na samaki mkavu wa ng'onda, chumvi na pilipili. Unatia kiganja kimoja katika maji ya moto, unangoja kidogo, sahani inajaa! Karani kaonja. Kamwita Bwana Mpimaji, naye kaonja, kacheka, kanipa mkono. Kazi yangu!

Mfaume kasema kile ni chakula cha kuku. Wivu huo. Na lililo tamu zaidi: alipokosa upishi kaomba upagazi, kapewa mzigo wa jiko langu! Nikamwamkia shikamoo, nikamkabidhi. Akaitikia marahaba, akalitia kwapani, akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

Baleni, Alhamisi, 8 Julai

Wapagazi wawili wamelala chini wanaugua.

Adhuhuri nilikuwa mbele na Bwana Mpimaji, namsimulia maisha yangu. Huku nyuma Matano na Shaabani wakafungua mfuko wangu, wakala wali ule mkavu viganja vitatu vitatu, wakashushia madafu. Kufika saa tisa matumbo yao kama ngoma. Matano, pande la mtu, alimwusia Shaabani amwombee radhi kwa mama yake. Shaabani akamjibu amtafute mwingine wa kumwusia, kwani yeye mwenyewe anatangulia.

Bwana Mpimaji akauliza mbona hawaondoki. Nikasema wameshiba kwa heshima yake.

Nikawasha jiko nimpikie yeye. Likawaka vizuri ajabu. Likawaka mno. Risasi iliyounga debe ikayeyuka, pande nne zikaanguka kila moja kwake, sufuria ikapinduka mchangani. Nikairukia na mwiko wa nusu mpini. Vidole vitatu vimebabuka. Bwana Mpimaji alisema neno moja la Kijerumani. Refu.

Mfaume akaomba ruhusa kwa adabu. Akabisha hodi nyumba ya jirani, kwa Bi Mwanahalima, akarudi na mihogo, changu wawili na ndimu. Mihogo akaifukia katika majivu ya moto, samaki akawabanika kwa vijiti. Hana chungu, hana kinu, hana hata figa moja! Nikamwuliza mbona basi kule Chole alitaka vyote vile.

"Kule niliulizwa nataka nini," akasema. "Hapa nimeulizwa chakula kiko wapi."

Nimekula nusu samaki. Mtamu. Siandiki zaidi.

Kirongwe, Ijumaa, 9 Julai

Mfaume ndiye mpishi. Mimi mpagazi. Matano anajiweza, ila sala ya Ijumaa kaisali kwa kuketi.

Hapa Kirongwe wanafinyanga vyungu, na Mfaume kachagua vitatu, vikubwa. Viwili nimevitundika kwenye mti begani, cha tatu kichwani. Yeye anatembea nyuma yangu mikono mitupu. "Bwana Hamdu, shingo!" Baada ya hatua kumi tena: "Shingo, bwana!"

Nimempa salamu mchuuzi wa samaki anayeteremka Utende amfikishie shangazi: nimepandishwa cheo, nasimamia vyungu vyote vya safari.

Ras Mkumbi, Jumapili, 11 Julai

Tumefika kwenye mnara wa taa! Upepo, bahari pande tatu, na nimevunja chungu kimoja tu. Bwana Mpimaji kaviangalia viwili vilivyobaki, kasema ni vizito mno kwa kurudi navyo, laiti kungekuwa na kitu chepesi. Mfaume alikuwapo, hakutia maanani. Mimi nimesikia!

Nimewaza alasiri nzima, nikalipata. Chungu cha turubai! Unakikunja, unakitia mfukoni, ukifika unakikunjua, unajaza maji, unateleka. Tangu dunia kuumbwa hakuna aliyewaza hili! Turubai nitapata wapi? Hema la Bwana Mpimaji lina turubai tele, hata limezidi. Wenzangu wote wameteremka kuoga. Nimekata kipande upande wa upepo, nimekishona, nimekiteleka.

Moto umeshika. Kinanuka kidogo, lakini bila shaka hayo ni maji yanayokaribia kuchemka.