Salamu za Kasi ya Arobaini

Jumatatu, 3 Machi 2025
Shajara yangu, hujambo? Umeamkaje? Mimi mzima kwa neema ya Mungu, goti tu linasumbua. Nakupa siri. Jumapili tunachagua mzee wa kanisa: mimi au Salvatory, fundi cherehani. Miaka kumi na tisa naiombea nafasi hii! Salvatory anapita kwa miguu kusalimia waumini, nyumba kumi kwa siku. Mimi nimenunua baiskeli ya umeme. Nyumba sitini! Bwana ametenda.

Mwenyekiti wa mtaa, Mayige, kabandika tangazo: baiskeli za umeme, kutoka sokoni hadi kanisani, zisizidi kilomita kumi kwa saa, waenda kwa miguu wapite kwanza. Kumi! Hata ndama anazidi. Nimelisoma nikiwa mwendoni. Nusu yake.

Jumanne, 4 Machi
Nimesalimia watu hamsini na watatu! Mke wangu Jenifer kauliza wangapi waliitika. Nikajibu sikubaki kusikia. Akasema anayesalimia husimama, akainama, akauliza ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, ndipo aage. Nikamwambia huo ni utaratibu wa watu wasio na betri.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Karibu na mashine ya kusaga nimemwona Mayu Ng'washi, kiongozi wa akina mama kanisani. Akina mama humfuata yeye. Dagaa kichwani, beseni zima. Nikapaza sauti kwa Kisukuma: mwangaluka, mayu! Yaani umeamkaje, mama. Kasi arobaini. Akarukia mtaroni. Kuku wa mtaa mzima wakala sikukuu. Nilidhani atalalamikia dagaa. Wapi! Kalalamikia salamu: eti nimemtupia kama mfupa kwa mbwa, sikungoja hata aitikie. Mayige kaamuru niikokote baiskeli hadi Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, 7 Machi
Nakokota. Aibu! Kila mlango kiti, uji, viazi, habari za mvua. Mayu Ng'washi kaniuliza kama punda wangu anaumwa. Nikapiga goti, lile bovu, nikaomba radhi. Kacheka, kaniita mwanawe, kasema akina mama watanifikiria. Vizuri, lakini nyumba nane tu siku nzima! Mateso.

Jumamosi, 8 Machi
Adhabu imeisha saa tatu. Nyumba hamsini bado. Nimepanda! Na nimefunga spika usukanini, inasalimia yenyewe. Mbele ya kanisa Mayu Ng'washi alikuwa anavuka. Kakumbatia nguzo ya umeme. Hakuumia, Mungu mwema. Spika ikamsalimia mara saba.

Jumapili, 9 Machi
Salvatory kura arobaini na moja. Mimi mbili. Moja yangu. Jenifer anaapa ya pili si yake. Nimefunga, nimeomba, nimeliona kosa: zile siku za kukokota. Kasi ilipungua! Nimeshaulizia Mwanza pikipiki ya umeme inayofika tisini. Ipo nyeusi, ipo nyekundu. Ipi inamfaa mtu wa Mungu? Nakuomba, shajara yangu, unijibu mapema.